Nyuzi Mbili Nyeupe

Siku Rhona alipolisafisha kabati la marehemu mama yake, aliifanya kazi hiyo kwa usafi kama alivyolelewa. Alipangusa vumbi, akapanga sindano kwa ukubwa, akayatoa madonge matano ya uzi wa sufu, akayaviringa upya yakakaa sawasawa. Ncha zilikuwa na vifundo vifundo, kimoja hapa, viwili pale. Akavikata vyote kwa mkasi na kuvitupa kwenye jiko la kuni. Kisha akamwita baba yake aje aone kazi nzuri.

Wattie Purves alikuja akiburuza kandambili. Alitazama meza, akashika donge moja, akaligeuza, akashika la pili. Uso ukamshuka.

"Vifundo viko wapi?"

"Vifundo gani, Baba?"

"Vilivyokuwa huku kwenye ncha!"

"Nimevikata. Vilikuwa vimekaa vibaya, nikaona..."

"Nani kakutuma? Eh? Nani kakutuma kugusa kitu cha mama yako?"

Rhona alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, na katika miaka yote hiyo baba yake hakuwahi kumpigia kelele. Hata siku ile alipoliparamisha gari ukutani hakumpigia kelele. Akaweka mkasi mezani polepole, akaenda jikoni, na Wattie akasikia bomba likifunguliwa maji yakimwagika bure, ili mtu asisikike akilia. Mama mtu alikuwa na wiki tano tu kaburini.

Tuwe wa haki kwa mzee. Vifundo vile havikuwa uchafu, vilikuwa macho yake.

Wattie alianza kazi kijana katika kiwanda cha kufuma pale Galashiels, kusini mwa Uskochi, siku ambazo mji mzima ulinuka sufu mbichi na mto ulipita na rangi ya chochote kilichotiwa rangi asubuhi hiyo. Kazi yake ilikuwa kutanda: kupanga nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, uzi mmoja baada ya mwingine, kabla hazijapanda kwenye mtambo, bluu ishirini na nane, manjano nne, na kadhalika, maelfu kwa siku. Na Wattie, Mungu amsaidie, hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwake zote mbili zilikuwa rangi moja, ya chai iliyomwagikia nguo. Msimamizi aliyemwajiri alimuuliza kama anajua kuhesabu, na kuhesabu alijua kuliko mtu yeyote pale. Rangi hakuulizwa. Kila donge lilikuwa na kikaratasi chenye namba, basi akawa anasoma namba.

Hadi siku kikaratasi kilipobanduka. Wattie akakisia, akatanda kijani mahali pa nyekundu, na kitambaa kikatoka mtamboni kirefu kama shuka la jitu, kimeharibika chote. Kilipelekwa kwa mafundi wa kutililia, wale wanawake waliokaa dirishani na sindano, wakitafuta uzi uliokatika au kukosekana ili waurudishe kwa mkono. Aliyekipokea alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Elspeth. Alikiangalia mara moja tu. Badala ya kwenda kwa msimamizi, alikwenda kwa Wattie.

"We kaka. Hebu niambie, soksi ulizovaa ni rangi gani?"

"Kijivu."

"Zote mbili?"

"Sasa mtu anavaaje soksi mbalimbali?"

"Wewe umevaa. Moja nyekundu, moja kijani, kama taa za barabarani." Akainama karibu. "Usitetemeke basi. Nitasema kikaratasi kilibanduka. Na si uongo."

Kuanzia wiki ile kila donge lililopita mikononi mwa Elspeth lilifika kwa Wattie na alama: fundo moja nyekundu, mafundo mawili kijani. Mwaka uliofuata wakaoana. Kwa miaka hamsini na miwili alimchagulia tai, akamwambia nyanya ipi imeiva na nyama ipi bado, na siri hiyo hakumwambia mtu, hata mtoto wao wa pekee. Mwanzoni waliificha kwa sababu ya kazi. Kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa chuma chakavu, wao wakaendelea kuificha kwa sababu walishazoea, na kwa sababu Wattie aliona haya. Fundi wa tartani, kitambaa cha mirabamiraba ya rangi, asiyejua nyekundu ni kichekesho cha mji mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Wattie yeye siku zote alikuwa akiomba kifo kianze kwake.

Hakikuanza kwake. Kilianza na kikohozi cha Elspeth wakati wa baridi, na kufikia mwezi wa pili alikuwa hospitalini na mrija puani. Rhona alikuwa ameshaposwa, hatimaye, na Innes, mpeleka barua wa upande wa kule mtoni, mwanamume mjane, mtu mpole. Elspeth akakata shauri kwamba siku ya harusi lazima kuwe na tartani ya kina Purves. Koo kubwa za milimani kaskazini zina zao tangu zamani, kila ukoo na mirabamiraba yake. Kina Purves wa mpakani hawakuwa nayo.

"Sisi ni kama mpishi anayelala njaa," alisema, anavuta pumzi kati ya neno na neno. "Umewafumia watu wote, Wattie. Sisi wenyewe tunavaa za duka."

Basi wakaibuni palepale kitandani, yeye akisema rangi, Wattie akiandika hesabu nyuma ya bahasha. Manjano nne, kwa ajili ya vichaka vya miiba vilivyokuwa vimechanua mlimani Rhona alipozaliwa. Bluu ishirini na nane. Kijani thelathini na mbili, kijani cha vilima. Halafu katikati kabisa, nyuzi sita za rangi ya kutu.

"Hizo ni mimi," Elspeth alisema. "Kabla sijawa bibi kizee. Nywele zangu."

Nywele zake mji mzima ulizijua. Watu walisema ukimtafuta Elspeth sokoni huhitaji kuuliza, tazama juu ya vichwa tu utaona moto. Wattie alisikia hayo maisha yake yote akatabasamu kama mtu anayesikiliza habari za nchi asiyowahi kufika.

"Na kila upande wa kutu," Elspeth akaongeza, "weka uzi mweupe. Mbili mbili."

"Nyeupe? Ya nini?"

Elspeth akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nesi akaja. Nesi alipoondoka, Elspeth alisema, "Hizo zako. Utajua kitambaa kikitoka."

Akanunua uzi kwa mkono wa jirani, akafunga vifundo vyake kwa vidole vilivyovimba, madonge yakawekwa kabatini. Siku tisa baadaye akafa.

Sasa vifundo vimekwenda na moshi. Madonge matatu hayakumsumbua Wattie: nyeupe aliiona, bluu aliiona, manjano aliiona. Mawili yaliyobaki yalikuwa mbele yake kama mapacha. Na alichotaka mzee yule kilikuwa kitu kimoja tu duniani: kumtia mke wake kwenye kitambaa kile, kwa rangi yake mwenyewe, bila mtu kujua kwamba rangi hiyo yeye hajawahi kuiona.

Alichemsha chai. Akakata mkate wa zabibu, akaupaka siagi nyingi kama Rhona alivyopenda utotoni, akampelekea jikoni.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuwa mbwa."

"Umekuwa mbwa kweli," Rhona alisema, akachukua mkate.

"Hebu lete kichwa hapa." Mtoto alirithi nywele za mama, hilo nalo Wattie alilijua kwa kuambiwa. Akashika madonge mawili karibu na masikio ya Rhona, huku na huku. "Mkwe wa rafiki yangu Gideon anasema vijana wa siku hizi hawana jicho. Hebu nikupime. Lipi ni nywele za mama yako?"

"Baba! Hilo nalo swali? Hili hapa. Hilo lingine kijani kabisa, mama yangu hakuwa chura."

"Umefaulu," Wattie alisema. Akalitia donge lile mfuko wa kushoto wa koti, na hakuutoa mkono wake mfukoni hadi alipofika kwa Gideon Tait.

Yeye na Gideon walifanya kazi pamoja miaka thelathini. Kiwanda kilipokufa Gideon alinunua mtambo mmoja wa mkono, akauweka kwenye banda nyuma ya nyumba yake, akawa anafuma kidogo kidogo kwa wenye kuagiza. Alikuwa na mdomo mrefu na jicho kali, na vyote viwili alivitumia bila kuombwa. Aliisoma bahasha akiwa ameivuta mbali na uso.

"Nzuri. Nzuri sana, mzee mwenzangu. Bluu inaelewana na kijani, manjano inachekesha kidogo, kutu imekaa katikati kama malkia." Akasimama. "Ila hii nyeupe ni nini?"

"Elspeth aliitaka."

"Elspeth alikuwa fundi wa sindano, hakukuwa na mwingine kama yeye, namwambia hata huko aliko. Lakini kubuni hakubuni. Nyeupe pembeni ya kutu! Utamfanya mkeo aonekane kama mstari wa barabarani. Macho yote yatakwenda kwenye nyeupe, yeye mwenyewe hataonekana. Ungeletewa hii kiwandani ungesemaje?"

Wattie alijua angesemaje. Angesema vilevile. Kanuni za kazi alizijua kama sala, na mtu akishakuwa fundi hafi akiwa mtu wa kawaida. Tena kulikuwa na jambo jingine. *Hizo zako*, alisema Elspeth. Wattie alikuwa ameshajipatia maana yake: nyeupe ni yeye, mzee wa mvi, amesimama kulia na kushoto kwa mkewe kama askari. Akaona aibu kidogo. Kitambaa ni cha Elspeth na cha mtoto. Yeye kazi yake ilikuwa kuhesabu, siku zote, na anayehesabu hajihesabu.

"Zitoe," akasema.

"Una hakika? Maana tukishapeleka Edinburgh ikaandikwa kwenye daftari la tartani, haibadiliki tena. Wajukuu wa wajukuu watavaa hivyohivyo."

"Zitoe. Hizo ni mimi tu. Ongeza kijani ziwe thelathini na nne."

Gideon akakata nyeupe kwa kalamu, mstari mmoja. Wattie akatoa donge mfukoni, lina joto la mkono wake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Gideon alifuma majira yote ya kiangazi. Mwezi wa nane karatasi ikarudi kutoka Edinburgh, ina jina la Purves na hesabu yote, na mwezi wa tisa, Jumamosi mchana, yeye mwenyewe akaleta kitambaa begani. Rhona alikuwepo. Wakasukuma vikombe pembeni, wakakitandaza mezani karibu na dirisha, na jua la saa nane likaingia lote.

Rhona aliweka mkono mdomoni.

"Mama," akasema. "Baba, tazama. Mama huyu hapa."

"Nilikwambia!" Gideon alisema, mdomo umejaa biskuti. "Bila zile nyeupe. Anawaka polepole kutoka ndani ya kijani. Lazima uwe na jicho, lakini mwenye jicho anamwona tu."

Wattie alitazama. Aliona bluu, imekaa vizuri, imenyooka. Aliona manjano. Na kati ya bluu na bluu aliona shamba moja pana la rangi ya chai, limetandaa bila mpaka, hakuna mtu ndani yake. Akainama. Akavaa miwani, akavua. Akapitisha kidole, lakini uzi ulikuwa wa sufu ileile, unene uleule, kidole hakikusimama popote. Rhona alikuwa anacheka na kulia, anagusa hapa, na hapa, na hapa, mstari baada ya mstari, na kila alipogusa Wattie hakuona kitu.

*Hizo zako. Utajua kitambaa kikitoka.*

Akajua. Akajua akiwa amesimama pale mbele ya watu, mkono juu ya meza. Nyeupe haikuwa mvi zake wala haikuwa pambo. Katika ulimwengu mzima ni mtu mmoja tu aliyefahamu kwamba Wattie atakitazama kitambaa hiki asimwone mkewe, na mtu huyo, pumzi zikimwishia, alikumbuka kumwekea alama. Nyeupe huku, nyeupe huku: katikati hapa nipo. Lilikuwa fundo la mwisho alilomfungia. Na yeye, aliyempigia mtoto kelele kwa kukata vifundo asivyovijua, hili la mwisho alilikata mwenyewe kwa mdomo wake, akashukuru na kunywa chai. Nyani haoni kundule.

"Vipi, mzee?" Gideon aliuliza. "Hujapenda?"

"Nimependa," Wattie alisema. "Kazi nzuri sana, Gideon. Haina kosa."

Akatoka nje, akasimama kwenye bustani ya nyanya za Elspeth, ambazo mwaka ule zilioza kwenye miche kwa sababu hakuna aliyemwambia zimeiva.

Harusi ilikuwa mwezi wa kumi, saa tano asubuhi. Kwa desturi ya nyumba ile ni mama anayemvisha binti mtandio wa tartani, akiupitisha begani na kuubana kwa pini ya fedha iliyotoka kwa bibi. Mama hakuwepo, basi Rhona alimwita baba yake chumbani.

"Ubane kwenye mstari wa mama," akasema. "Nataka pini ikae juu yake yeye. Anikalie moyoni."

Akasimama wima mbele ya kioo, amevaa nguo ya rangi ya maziwa, nywele amezifunga juu. Wattie alishika pini. Chini, gari lilikuwa limeshafika, Innes na kilti yake mpya, sketi ya wanaume wa huko, alikuwa anasubiri kanisani.

Angeweza kukisia. Alishakisia mara moja ujanani, akaharibu kitambaa kizima. Akatia mkono mfuko wa koti, akatoa kioo kidogo cha kukuzia na kuhesabia nyuzi alichotembea nacho miaka yote, akakiweka begani mwa binti yake, pale bluu inapoishia. Akainama hadi pua ikamgusa. Kisha akaanza, kwa ncha ya pini, uzi mmoja mmoja, midomo inacheza.

"Moja. Mbili. Tatu."

Rhona alimtazama kwenye kioo cha ukutani. Mwanzoni alitaka kucheka.

"Baba, unafanya nini? Si huo hapo."

"Kumi na moja. Usinipoteze. Kumi na mbili."

Hakucheka tena. Alikuwa anamtazama mzee anatafuta kwa jasho kitu ambacho mtoto mdogo angekionyesha kwa kidole. Alikumbuka mama akipanga soksi kitandani, jozi jozi, akizibana kwa pini. Alikumbuka nyanya zilizooza bustanini. Akakumbuka madonge mawili kwenye masikio yake, na vifundo, na jiko la kuni.

"Huuoni," akasema taratibu.

"Ishirini na sita."

"Baba. Mama nywele zake... hukuwahi kuziona?"

Pini ikasimama. "Nilimwona yeye," Wattie alisema. "Rangi nilikuwa naambiwa." Akaishikilia pini palepale. "Aliweka nyeupe mbili kila upande, Rhona. Ili nimwone. Gideon hakujua, na mimi sikujua. Nikasema zitolewe."

Rhona akageuka kutaka kumshika, lakini mzee akamzuia bega.

"Usigeuke, nitapotea."

"Nitazirudisha mimi kwa sindano. Baada ya harusi. Mama alinifundisha kidogo."

"Kilishaandikwa hivyo, mwanangu. Acha. Watu wote wanamwona, asiyemwona ni mmoja." Akafuta macho kwa kiganja, akaweka tena kioo chake kidogo. "Nilikuwa kwenye ishirini na sita."

"Ishirini na sita," Rhona alisema, na akaanza kuhesabu pamoja naye. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Nje gari likapiga honi mara moja, kwa adabu. Wanasema lisilokuwepo machoni na moyoni halipo, lakini aliyelisema hakuwa na mke wa kuhesabia nyuzi. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na nne.

"Hapa," Wattie alisema.

Mbele yake ilikuwa rangi ileile ya chai, haina tofauti na ya kabla yake.

"Hapo, Baba. Hapo hapo."

Akaichoma pini, akaifunga. Kidole chake akakiacha juu yake kwa muda, mpaka honi ikapigwa mara ya pili, akampa binti yake mkono wakashuka ngazi.